Somo la Jumamosi: Kumfanyia na Kumwezesha



Tuseme bibi yako amepata kiharusi na mkono wake wa kushoto hauna nguvu. Asubuhi anavaa blauzi, na dakika kumi zinapita akihangaika. Wengi wetu tungekimbia kumvalisha, maana tumelelewa kumpokea mzee mzigo. Ni adabu nzuri. Lakini je, kesho atavaaje ukiwa shuleni?

Yupo mtaalamu wa jambo hili. Kwa Kiswahili ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo; kwa Kiswidi anaitwa arbetsterapeut. Humuuliza bibi: "Unataka kufanya nini mwenyewe?" Kuvaa, kuoga, kupika chai? Kisha wanafanya mazoezi ya kitu hicho hasa. Kwa blauzi, bibi hukaa kitini na kuingiza kwanza mkono dhaifu, halafu wenye nguvu. Akivua, mkono wenye nguvu hutoka kwanza.

Mtaalamu huitazama nyumba pia. Huenda bafu la fleti yenu hapa Alby linahitaji mshikio ukutani au kuondolewa kizingiti. Manispaa, kwetu ni Botkyrka, hutoa ruzuku ya kurekebisha makazi, bostadsanpassningsbidrag. Kwa kawaida ombi huambatana na cheti cha mtaalamu huyo. Wazazi, mnaweza kuanza kwa kuuliza kituo chenu cha afya.

Na kile kigari cha kutembelea ambacho wazee husukuma, rollator, mnakijua? Kilibuniwa mwaka 1978 na Aina Wifalk, mwanamke wa hapa Sweden, aliyeugua polio akiwa na miaka 21. Kigari hicho hakimbebi mtu. Kinamwezesha kutembea mwenyewe.

Sarufi ya leo

Fanya → fanyia: kufanya kwa ajili ya mtu.
*Ninampikia bibi chai.*

Weza → wezesha: kumfanya mtu aweze.
*Ninamwezesha bibi kupika chai.* (Nimejaza birika nusu tu, lisiwe zito.)

Sentensi zote mbili zina upendo. Siku bibi amechoka, mpikie. Lakini ukimfanyia kila kitu kila siku, mkono wake unakosa mazoezi, naye anaanza kujiona mgeni jikoni kwake. Kwa hiyo, baada ya shikamoo, muulize: "Bibi, nikusaidie au nikusubiri?" Akisema umsubiri, subiri kweli, bila kutazama simu.

Kazi ya nyumbani

1. Tunga sentensi mbili kwa *fanyia* na mbili kwa *wezesha*.
2. Muulize mzee wako, ana kwa ana au kwa simu: ni kazi gani hapendi kufanyiwa? Andika jibu lake.
3. Eleza methali: *Mwenda pole hajikwai.*
4. Wazazi: wiki hii mwacheni mtoto afunge zipu ya koti mwenyewe, hata mkichelewa treni!