Nataka kuhama Kampala nirudi Chuo Kikuu cha Burundi

Shangazi,

Mimi ni binti wa Buyenzi. Nimemaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi katika chuo cha binafsi Kampala. Nilipofanya Examen d'État, mtihani wa taifa, nilifaulu, ila alama zilinipeleka idara nisiyoipenda Chuo Kikuu cha Burundi. Nikakataa, baba akajitolea kunilipia huku. Sasa baba, ambaye anauza vitenge soko la Kwa Siyoni, anahangaika kutafuta dola za ada, na tangu mpaka wa Rwanda ufungwe Januari 2024 hata kurudi nyumbani ni kuzunguka Tanzania. Nataka kuhamia uhandisi Chuo Kikuu cha Burundi, niingie mwaka wa tatu. Kuna kaka anasema ana mtu ndani, nimpe pesa anipatie nafasi. Baba bado hajui. Naogopa ataona nimemtupia pesa zake, na mtaani watasema nimefeli. Nifanyeje?

Binti wa Buyenzi

Mwanangu,

Huyo kaka usimpe hata faranga moja. Nafasi ya chuo cha umma hutolewa kwa barua ya chuo yenye sahihi na mhuri. Akila pesa yako utamshtaki wapi, na wewe mwenyewe ulikuwa unanunua kisichouzwa?

Tuje kwenye kuhama. Unasema uingie mwaka wa tatu kana kwamba miaka ya huku na huko inafanana. Haifanani. Tangu Burundi ianze mfumo wa BMD (Baccalauréat, Master, Doctorat) mwaka 2011, shahada ya kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu, krediti 60 kila mwaka, jumla 180. Uhandisi wa Kampala ni miaka minne. Kwa hiyo mwaka wa tatu unaoutaka ndio wa kumalizia, na sioni kitivo kikimkabidhi mgeni mwaka huo kirahisi. Hata krediti zenyewe hazipimwi kwa kipimo kimoja: Uganda krediti moja huhesabiwa kwa saa 15 za darasani, kwetu inaingiza pia kazi anayofanya mwanafunzi peke yake. Ndiyo maana karatasi ya alama haitoshi. Omba chuoni kwako maelezo ya kila somo ulilosoma, mada zake na saa zake, yakiwa na mhuri. Bila hayo, walimu wa hapa hawana cha kulinganisha.

Utasikia watu wakisema sote tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli, tulijiunga mwaka 2007, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo ni zuri na nalipenda, ila halijakinyima chuo haki ya kuamua nani aingie na aanzie wapi.

Halafu kuna zile alama zako za Examen d'État. Miaka miwili ya Kampala haizifuti. Kitivo chenye nafasi chache na waombaji wengi kinaweza kuuliza kwa nini upite mbele ya mwenzako aliyepata alama nzuri kuliko zako, na hilo ni swali la haki. Jibu lako litakuwa matokeo ya Kampala. Kama ni mazuri sana, omba ukiwa na moyo. Kama ni ya wastani, jiandae kuambiwa uanze mwaka wa kwanza, au ukataliwe kabisa. Jiulize leo: nikiambiwa nianze upya, nitakubali? Na je, bado naweza kuandika mtihani mzima kwa Kifaransa? Mkopo wa serikali nao, ule prêt-bourse ulioshika nafasi ya bourse mwaka 2017, usiuweke kwenye hesabu kabla hujauliza BBES, ofisi inayoushughulikia, kama mtu aliyetoka nje anaupata.

Kampala usiiache. Ukikwama ada, omba kwa maandishi kusimamisha masomo kwa muda, ili nafasi yako ibaki. Na usiangalie Chuo Kikuu cha Burundi peke yake. Vyuo vya binafsi vya hapa vinalipwa kwa faranga, na Hope Africa University ya Kamenge inafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Waulize kama wana fani yako na wanakubali masomo yako mangapi. Kwa hali ya baba, kuepuka kutafuta dola peke yake ni nafuu kubwa.

Watu wa mtaani hawakulipii ada, waache waseme. Linalonisumbua mimi ni baba. Mzee anasaka dola kila muhula akiamini mwanawe ametulia darasani, kumbe mwanawe anapanga kuondoka. Hilo ndilo litakalomuumiza, si kurudi kwako. Huenda naye amechoka siku nyingi, anashindwa tu kukwambia. Mpe heshima ya kulijua jambo hili kabla ya kitivo kulijua. Kama kumwambia wewe mwenyewe ni kuzito, pitia kwa mama au baba mdogo.

Mpigie baba wiki hii, kabla hujaandika barua yoyote ya kuomba nafasi.