ELIMU KWA UMMA: UDONGO KATIKA SARUJI, FAIDA YAKE NA HATARI YAKE

Wananchi wanaojenga nyumba katika Kata ya Mpui, pamoja na kamati zinazosimamia maboma ya madarasa kwa nguvu za wananchi, wanaufahamu uzito wa gharama ya saruji. Ni haki yao kuuliza: je, udongo uliojaa mabondeni mwetu hauwezi kuchukua nafasi ya sehemu ya saruji hiyo? Jibu ni kwamba unaweza, lakini kazi hiyo hufanyika kiwandani, si kwenye karai la fundi.

Ili kutengeneza saruji, mawe ya chokaa na udongo huchomwa pamoja kwa nyuzi joto zipatazo 1,450 za Selsiasi hadi kupatikana klinka, ambayo husagwa pamoja na jasi. Uchomaji huo hutumia nishati nyingi, na mawe ya chokaa yenyewe hutoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo viwanda hupunguza klinka kwa kuongeza pozolana. Kiwanda cha saruji cha Songwe, mkoani Mbeya, hutumia pozolana ya asili, yaani majivu ya kale ya volkano.

Udongo wenye kaolini ya kutosha, kama ule unaopatikana Pugu wilayani Kisarawe, nao hufaa. Ukichomwa kwa nyuzi joto kati ya 700 na 850, maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake hutoka na chembe hizo huwa tayari kuungana na chokaa. Saruji inapokutana na maji hutoa chokaa. Udongo ule huidaka na kuunda gundi ya ziada inayoziba vitundu vya zege. Watafiti wa Uswisi, Cuba na India wamebuni saruji yenye klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa 15 na jasi 5. Saruji hiyo hupunguza hewa ya ukaa kwa takriban asilimia 40.

Kwamba moto huubadili udongo si habari ngeni Ufipa. Wahenga wetu walijenga malungu, matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, na hadi leo tunachoma matofali. Hata hivyo, vumbi la matofali si mbadala wa saruji. Joto la tanuri la kijijini halilingani pande zote, vumbi hilo halijasagwa kwa ulaini unaotakiwa, wala udongo wake haujapimwa maabara.

Udongo mbichi ni hatari zaidi. Hufyonza maji, huvimba, na hufunika mchanga na kokoto hata saruji ishindwe kushika. Lenta iliyomwagwa hivyo yaweza kuonekana imara leo, kisha ikapasuka juu ya vichwa vya watoto wetu.

Kwa hiyo, wananchi wanashauriwa yafuatayo:

1. Soma mfuko kabla ya kununua. Hakikisha una alama ya ubora ya TBS. Herufi P huonyesha pozolana ya asili, Q pozolana iliyochomwa, na L mawe ya chokaa. Namba 32.5 au 42.5 ni kipimo cha nguvu baada ya siku 28. Mhandisi ndiye aamue ipi itumike kwenye nguzo na lenta.

2. Pima mchanga. Jaza mchanga hadi nusu ya chupa angavu, ongeza maji, tikisa, kisha iache saa tatu. Tope la juu likizidi milimita 8 kwa kila milimita 100 za mchanga, uoshe mchanga huo au tafuta mwingine.

3. Mwagilia zege kwa siku 7 au zaidi. Siku 14 ni bora kwa saruji yenye pozolana, kwa kuwa hukomaa polepole. Baridi na upepo mkavu wa Juni na Julai katika uwanda wetu hudai uangalifu zaidi.

4. Usiongeze udongo, majivu wala vumbi la matofali kwenye zege la nguzo, lenta au msingi.

Kamati yenye shaka juu ya saruji au mchanga isimamishe kwanza umwagaji wa zege na kufika Ofisi ya Mtendaji wa Kata ili aitwe mhandisi wa Halmashauri. Kusubiri siku chache ni nafuu kuliko kubomoa darasa.