Bioteknolojia: Nani Atamlipia Ada?

Swali: Binti yangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), na anataka kusoma bioteknolojia. Mimi ni mkulima tu wa mihogo. Serikali inasaidia?

Jibu: Inasaidia, mzee wangu, ila tofautisha mkopo na ufadhili. Mkopo hutolewa na Bodi ya Mikopo (HESLB). Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, haurudishwi, lakini ni kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika tahasusi za sayansi. Matokeo yake yakiruhusu, aanzie hapo.

Kozi zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kabla hajachagua, mpeleke akaone kazi yenyewe. Kituo cha Mikocheni cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) hukuza miche ya mihogo maabarani: kipande kidogo cha ncha ya chipukizi huwekwa ndani ya chupa yenye virutubisho, kikatoa mche safi usio na batobato wala michirizi ya kahawia. Magonjwa hayo unayajua kuliko mimi.

Kwa maoni yangu, udhaifu uko baada ya shahada. Ada inalipwa, lakini ajira za maabara ni chache, na vitendanishi vingi huagizwa nje kwa bei ya kuumiza. Basi tangu mwaka wa kwanza atafute nafasi ya mafunzo kwa vitendo, hata ya kuosha chupa.