Kufundisha Kazi ya Ruta kwa Bahasha

Walimu-wanafunzi wengi, wafundishapo mtandao wa kompyuta, huchora ruta kama kisanduku kimoja: habari yaingia huku, yatokea kule. Picha hiyo si ya uongo, bali yaficha jambo ambalo watoto wa darasa la sita waweza kulielewa. Ndani ya ruta mna kazi mbili. Ya kwanza ni kusukuma pakiti: anwani husomwa, jedwali hutazamwa, pakiti hutolewa kwa mlango wake, kwa kasi kubwa mno. Ya pili ni uongozi: prosesa, iliyo ya polepole zaidi, huwasiliana na ruta nyingine na kulitengeneza jedwali hilo.

Pakiti zenye tatizo hupelekwa kwa uongozi. Kwa mfano, pakiti hubeba hesabu isiyozidi 255, ambayo kila ruta huipunguza kwa moja. Ikifika sifuri pakiti hutupwa, na mtumaji huarifiwa.

Zana ni bahasha tu, zenye jina la mahali na hesabu. Mtoto mmoja awe msukumaji. Mwingine, kiongozi, akae nyuma yake na jedwali na kalamu. Bahasha ikifika sifuri, kiongozi amwandikie mtumaji. Mchezo ukizoeleka, mwalimu alete kwa mpigo bahasha 30 zenye hesabu 1, kisha afute njia moja ubaoni. Kiongozi, akiwa amezama katika kuandika, hataiona. Jedwali litabaki la zamani, na bahasha nzima zitapotea katika njia iliyokufa. Hapa tusiharakishe kutoa jibu. Tuwaulize watoto wafanyeje, tungoje. Watakaosema msukumaji apeleke tatu tu kwa dakika na kuzitupa zilizosalia, watakuwa wamegundua wenyewe wafanyavyo mafundi wa ruta. Habari za njia, nazo, hutengewa nafasi yake mbele.

Sisi wenyewe tuliwahi kukosea. Programu ya kufuatia njia, aliyoiandika Van Jacobson wa Marekani miaka ya 1980, hutuma pakiti zenye hesabu 1, 2, 3 na kuendelea, ili kila ruta ijitambulishe kwa taarifa yake. Isiyojibu huonyeshwa kwa nyota. Tulifundisha kwamba nyota ni ruta mbovu, nayo huenda yasukuma pakiti vizuri kabisa. Kosa hilo twalisahihisha kwa kurudia mchezo, tukimwuliza mtoto asiyepata taarifa: je, bahasha zako nyingine zimefika?