Njia Moja ya Embakasi

Makomredi, ukitaja Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, wengi wetu tunafikiria paa linalovuja, foleni ya ukaguzi na bei ya teksi. Hayo yote ni mambo ya jengo. Ndege haihitaji jengo ili itue; inahitaji njia. Na uwanja huu, mkubwa kuliko yote nchini, una njia moja tu ya kurukia na kutua. Tusipolielewa hilo, tutabishana bure kuhusu nani aujenge upya na kwa masharti gani.

Uwanja ulitoka wapi?

Kabla ya Embakasi, ndege za abiria za Nairobi zilikuwa zikitumia uwanja wa Eastleigh, ambao leo ni kambi ya wanahewa. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilitaka uwanja wa ndege kubwa, ikachagua tambarare ya Embakasi. Huo ulikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwaka 1952, na maelfu ya Wakenya walikuwa kizuizini kwa kushukiwa kuwa Mau Mau. Wafungwa hao ndio waliopelekwa kuchimba, kubeba mawe na kusawazisha ardhi. Gavana Evelyn Baring akaufungua rasmi tarehe 9 Mei 1958. Yaani lango letu la dunia lilijengwa kwa jasho la watu waliofungwa kwa sababu ya madai ya ardhi na uhuru.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la East African Airways, lililokuwa la Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, likafa. Kenya ikaanzisha Kenya Airways mwaka huohuo. Mwaka uliofuata jengo jipya la abiria likafunguliwa upande wa pili wa njia, na Mzee Kenyatta alipofariki Agosti 1978, uwanja ukapewa jina lake. Jengo la zamani lilibaki upande wa kaskazini, mikononi mwa jeshi. Jengo lilihama na jina likabadilika, lakini njia ikabaki palepale.

Mbona njia ni ndefu hivyo?

Ina urefu wa zaidi ya mita 4,100. Sababu ni fizikia ya kidato cha pili. Embakasi iko karibu mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua likiwaka, inazidi kuwa nyepesi. Bawa linakosa hewa nzito ya kuliinua na injini inapungukiwa nguvu, kwa hiyo ndege lazima ikimbie mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Ndege hiyohiyo, yenye uzito uleule, ikiwa Mombasa inahitaji njia fupi zaidi. Hii ni sababu mojawapo ya safari ndefu zenye mzigo mzito kupendelea usiku, hewa ikiwa imepoa.

Bawa lenyewe nalo lazima liwe tayari. Tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa iliondoka hapa kuelekea Johannesburg huku vibawa vya mbele, vile vinavyofunguliwa ili kuongeza nguvu ya kuinua, vikiwa havijafunguka. Ilipaa kidogo tu, ikaanguka mbele ya njia. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walifariki. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua watu duniani.

Nani anafanya nini?

Hapa wengi tunachanganya. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege inasimamia ardhi, majengo, taa na zimamoto. Waongozaji ndege walio mnarani ni wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ni shirika lingine kabisa. Uhamiaji na forodha wana mabosi wao, na kampuni za ndege zina wao. Kwa hiyo ukiambiwa "uwanja umechelewesha ndege," uliza kwanza: nani hasa?

Kwa mwongozaji, njia moja maana yake ni foleni moja. Ndege ikitua, inayofuata haiwezi kutumia njia mpaka ya kwanza itoke. Ndege kubwa ikiruka, inaacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu, na ndogo lazima isubiri itulie. Idadi ya ndege kwa saa inaamuliwa na dakika hizo. Ukijenga ukumbi wa abiria mara tatu ya huu wa sasa, dakika hazitapungua hata moja.

Kipi kinafunga uwanja?

Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza ukumbi wa abiria wanaoingia kutoka nje. Ilikuwa hasara kubwa, lakini safari zilianza kurudi upesi, abiria wakahudumiwa kwenye mahema, kwa sababu njia haikuguswa. Sasa geuza mfano. Jengo zima liko salama, ila ndege moja imepasukwa na tairi katikati ya njia. Hapo kila kitu kinasimama. Zilizo angani zinapelekwa Mombasa, Eldoret au Entebbe. Maua yaliyokatwa Naivasha na kufikishwa Embakasi ili yasafirishwe Uholanzi yanangoja kwenye mabohari, na ua halina subira.

Kwa nini likuhusu?

Mwaka 2024 kampuni ya Adani ya India ilipendekeza kuuendesha uwanja kwa miaka 30, na kujenga jengo jipya na njia ya pili, kwa karibu dola bilioni 1.85. Wananchi wengi walilisikia jambo hilo lilipokuwa tayari limeshika kasi. Mahakama Kuu ikalisimamisha kwa muda, wafanyakazi wa uwanja wakagoma tarehe 11 Septemba, na tarehe 21 Novemba Rais Ruto akatangaza bungeni kuwa limefutwa.

Wengi tulishangilia, na haki yetu. Lakini kufuta mkataba hakukutupa njia ya pili. Mpango mwingine utakuja, na miaka 30 ya mkataba ni miaka yetu yote ya kazi na kodi. Ukija, tusianze na picha ya jengo lenye vioo. Tuulize: njia ya pili itaanza kutumika mwaka gani? Nani analipa ikichelewa? Wafanyakazi wa sasa watabaki kwa masharti yapi? Na mkataba utawekwa wazi kabla ya kutiwa saini, au baadaye?