Uvimbe mdogo wa figo: kisu au sindano?

Figo haipigi kelele. Uvimbe ukiota ndani yake, ukiwa bado mdogo, kwa kawaida hausikii maumivu. Wengi wanaugundua kwa bahati: mtu anapigwa ekografi kwa sababu ya tumbo, na munganga anaona kitu kwenye figo. Mara moja mgonjwa anauliza: nitapasuliwa?

Si lazima. Uvimbe usiozidi sentimeta 4 unahesabiwa kuwa mdogo, na karibu mmoja katika watano si kansere.

Zamani waliondoa figo nzima. Leo, pale inapowezekana, munganga anakata uvimbe peke yake, anashona, na figo inaendelea na kazi. Uvimbe wote unakwenda maabara, kwa hiyo mnajua hasa ulikuwa nini. Lakini kuna dawa ya usingizi, kuna hatari ya damu, na mwenye jeraha kubwa anakaa karibu majuma sita bila kuinua kitu kizito. Kwa mchimbaji hilo si jambo dogo.

Njia ya pili ni sindano. Munganga akitazama picha ya skanera au ekografi, anaipitisha mgongoni mpaka ndani ya uvimbe. Ncha yake inachoma kwa joto la zaidi ya digri 60, au inagandisha kwa baridi kali. Uvimbe unafia humo humo. Wengi wanarudi nyumbani siku ile au kesho yake. Inafaa zaidi uvimbe usiozidi sentimeta 3, ulio pembeni mwa figo. Ukiwa karibu na mshipa mkubwa, damu inapita na kuondoa joto, kama maji yanavyopooza tanuru, na sehemu ya uvimbe inaweza kubaki hai. Ndiyo sababu baada ya sindano uvimbe hurudi mahali pale mara nyingi zaidi kuliko baada ya kisu, ingawa unaweza kuchomwa tena. Na kipande kitolewe kipimwe kabla ya kuchoma, baadaye umechelewa.

Kwa kijana mwenye nguvu, mimi naona kisu. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, au mwenye figo moja tu, sindano ina haki yake. Mzee sana pengine atafuatwa kwa picha tu.

Kazi hii ya sindano haiko kila hospitali. Hata Dar es Salaam, Chuo cha Muhimbili kilianza kufundisha wanganga wa sindano zinazoongozwa na picha mwaka 2019. Tena, anayeichagua atarudi kwenye skanera miaka mingi. Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 300: uliza mapema picha zitapigwa wapi, na nani atalipa safari.

Ninyi wa atelie, msioshe vyuma wala mikono kwa trikloroetileni. Tangu 2012 inahesabiwa kati ya vitu vinavyoleta kansere ya figo. Tumbako pia, na tansio ya juu huongeza hatari.

Ukiona damu katika mkojo, hata mara moja na bila maumivu, usiseme ni bilhazia ukameza vidonge vya sokoni. Peleka mkojo dispansari ya kampuni, au hospitali ya Mwangeji, juma hilo hilo.