Baba Anapitia Wapi?

Mwaka jana baba aliachishwa kazi hapa Mombasa, akawa kimya nyumbani karibu miezi miwili. Nikashika kalamu nikamwandikia nyanya kule Lamu: "Baba anapitia mabadiliko makubwa." Nilijiona msomi kweli. Binamu yangu akamsomea ile barua, na jibu likaja: "Huko Mabadiliko ni wapi, na mbona kwangu hapitii?"

Kwanza nilicheka, halafu nikaona haya. Nyanya hakuwa na kosa. Kupitia ni kupita mahali ukiwa safarini: basi la kutoka Lamu hupitia Witu, Garsen na Malindi. Au ni kusoma tena, kama tunavyopitia notsi usiku wa kuamkia mtihani (twajijuana!). Mimi nilichukua maneno ya Kiingereza, "go through changes", nikayavisha kanzu tu.

Kumbe kitenzi kimoja chatosha: kubadilika. "Baba amebadilika." Hiyo ni kauli ya kutendeka; ile -ik- yaonyesha hali iliyompata mtu, bila kumtaja aliyeisababisha. Ukisema "amebadilisha", msikilizaji atangoja: amebadilisha nini, shati? Ukisema "amebadilishwa", atataka kujua na nani. Na kama ningeandika "ametugeuka", nyanya angelia, kwani mtu aliyekugeuka amekusaliti. Kugeuka kuwa kitu kingine tuwaachie viluwiluwi, wao hugeuka vyura.

Neno mabadiliko lenyewe si baya, ila lina vitenzi vyake. Mabadiliko hutokea. Kitu nacho hufanyiwa mabadiliko, kama mtaala wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ulivyofanyiwa mara kadhaa. Lakini mtaala una watu wanaoketi mezani wakaupanga. Baba hakuna aliyeketi akampanga, kwa hivyo "amefanyiwa mabadiliko" nayo haimfai. Hata "amechenji" ya mtaani iko karibu na ukweli kuliko ile sentensi yangu ya kisomi!

Nikaandika upya: "Nyanya, tangu aachishwe kazi baba amebadilika. Haongei, na chakula hali." Safari hii hakuuliza kitu. Baada ya wiki mbili tulimpokea kwenye stendi ya basi, kikapu cha maembe mkononi. Hata salamu hazijaisha, akauliza mwanawe yuko wapi.